Je, Waweza Kumsomesha Mwanao Nyumbani?

Tuseme unaishi Nyanchwa, mjini Kisii, au pale Kebirigo kwa jirani zetu wa Nyamira. Ni Jumapili jioni. Viatu vya shule vimeng'arishwa, sare imepigwa pasi na kutundikwa ukutani, lakini kijana wako wa gredi ya 5 amejifungia chumbani analia. Kesho hataki kurudi shuleni. Umejaribu kumbembeleza, umejaribu kumkemea, yote bure.

Papo hapo simu yalia. Ni shemeji yako aliye Minnesota, kule Marekani, ambako Wagusii wengi wamehamia. Unapomsimulia taabu yako anacheka. "Shemeji, wajisumbulia nini? Huku kuna wazazi wengi wanaowafunza watoto wao mezani pao nyumbani, na watoto hao waingia chuo kikuu kama wengine. Mtoe huyo mtoto, umfunze mwenyewe!"

Usiku huo hulali. Wewe mwenyewe umesoma. Huenda hata ulipata kuwa mwalimu. Vitabu vyauzwa mjini, na masomo ya redio na runinga yapo. Wajiuliza: kwani kuna ubaya gani?

Msomaji mpendwa, swali hilo si la kupuuzwa, na hulikuwa wa kwanza kuliuliza. Lakini kabla hujaenda kumwaga mwalimu mkuu, yafaa ujue sheria za Kenya zasema nini. Wapo waliofanya kwanza na kuuliza baadaye, nao wakajikuta mbele ya hakimu.

Nyumba ilikuwa shule ya kwanza

Kumfunza mtoto nyumbani si jambo lililoletwa na Wazungu. Zamani Mgusii hakuwa na kengele wala ubao. Mtoto alifunzwa na magokoro, yaani nyanya yake, kando ya moto jioni. Vijana wa kiume walifunzwa kuchunga na kulinda mifugo katika ebisarate, zile kambi za ng'ombe ambazo serikali ya kikoloni ilizivunja mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliyemaliza mafunzo hayo alijua ukoo wake, mipaka ya shamba la babake na heshima anayostahili mkubwa wake.

Kisha wakaja wamishonari. Kabla ya Vita Vikuu vya 1914 Wakatoliki walikuwa wamefika Nyabururu, na Waadventista Wasabato wakajenga Nyanchwa. Shule zikaota kila kilima, hata leo ukisimama Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, na kutazama pande zote, hukosi kuona paa la shule. Mgusii aliipenda elimu hiyo. Wengi wetu tulisomeshwa kwa jasho la majani chai na ndizi, na baba alikuwa radhi kuuza ng'ombe wa mwisho mradi mtoto asifukuzwe kwa ajili ya karo.

Lakini kwa miaka mingi sheria haikumshurutisha mzazi yeyote kumpeleka mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya 1968 ilizungumzia shule kuwa mahali wanapofunzwa wanafunzi wasiopungua kumi. Mzazi aliyefunza wanawe wawili sebuleni hakuwa ameanzisha shule, wala hapakuwa na kosa la kumpeleka kortini. Ndiyo sababu wako wazee watakaokuambia, "Sisi tulikaa nyumbani mpaka tulipotaka wenyewe." Walisema kweli kwa wakati wao, lakini wakati huo umepita.

Mambo yalianza kubadilika kwa Sheria ya Watoto ya 2001, iliyotamka kuwa elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima. Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ikaondoa karo katika shule za msingi za umma. Katiba ya 2010 ikatia muhuri: Kifungu cha 53 chasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Angalia vizuri neno hilo "lazima". Haki ni ya mtoto. Lazima ni ya mzazi na ya serikali.

Sheria yasema hivi

Sheria unayopaswa kuijua ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Jina lake lisikudanganye. "Elimu ya msingi" humo si shule ya msingi peke yake. Yaanzia chekechea na kuendelea hadi mwisho wa shule ya upili.

Kifungu cha 30 ndicho chenye uzito. Chamtaka kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, ahakikishe kuwa mtoto huyo anahudhuria masomo kila mara katika shule, au katika taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Mzazi asiyefanya hivyo atenda kosa la jinai. Hili si shauri la kanisa wala la ukoo. Ni la polisi na mahakama.

Huenda ukauliza: "Je, nyumba yangu haiwezi kuwa hiyo taasisi nyingine?" Hapo ndipo penye fundo. Taasisi hiyo yapaswa kuidhinishwa na Waziri. Sheria hii haina sehemu inayomruhusu mzazi kuomba kibali cha kumfunza mwanawe mezani. Ukienda kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, Kisii au Nyamira, ukaomba fomu ya kusomesha nyumbani, usitarajie kuipata.

Kifungu cha 76 chaongeza kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kutoa elimu ya msingi nchini pasipo kusajiliwa. Kwa hivyo usifikiri utaepuka kwa kuwakusanya watoto wa majirani watatu au wanne na kumwajiri kijana aliyemaliza chuo awafunze gereji. Hapo utakuwa umefungua shule isiyosajiliwa. Na huyo kijana, ikiwa hajasajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, naye ana hesabu yake ya kutoa.

Utagunduliwaje? Wengine hudhani kwamba mtoto akitoweka darasani hakuna atakayeuliza. Sheria imempa mwalimu mkuu kazi hiyo. Mwanafunzi asipofika, mwalimu mkuu achunguze sababu. Akiona hakuna sababu ya maana, amwandikie mzazi barua ya onyo na kupeleka taarifa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na wewe wajua vizuri jinsi chifu na naibu wake wanavyopita nyumba kwa nyumba kila Januari kutafuta watoto walioachwa nyuma. Barua hiyo ikikufikia usiifungie sukari. Ijibu.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja linalofanywa na wengi. Chekechea ziko chini ya serikali ya kaunti, yaani kwa gavana. Lakini shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali kuu. Kwa hivyo ikiwa una shida ya mtoto wa gredi ya 5, usipoteze siku nzima ukipanga foleni kwa gavana. Mtafute Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo, kisha yule wa kaunti, ambao ni maofisa wa Wizara ya Elimu.

Wazazi waliokwenda kortini

Usidhani kwamba sheria hii imelala kabatini. Mwaka wa 2019 baba mmoja wa Kaunti ya Kakamega alikamatwa kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani. Hakuwa mlevi wala mvivu aliyewatelekeza wanawe. Yeye aliamini kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kuwalea. Yeye na mzazi mwenzake wakaipeleka serikali katika Mahakama Kuu, wakidai kwamba vifungu hivyo vya sheria ya 2013 vyawanyima wazazi haki ya kuchagua jinsi ya kuwafunza watoto wao.

Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi lao. Iliona kwamba kumlazimu mzazi kumpeleka mtoto katika taasisi ya elimu hakupingani na Katiba. Mtu aliyeshindwa katika Mahakama Kuu ana haki ya kukata rufaa, lakini wewe usijenge nyumba yako juu ya rufaa ya mwingine.

"Mbona kwingine yaruhusiwa?" utauliza. Ni kweli, kwingine yaruhusiwa. Marekani jambo hili ni halali katika majimbo yote hamsini. Uingereza, sheria ya elimu ya 1996 yamtaka mzazi ampe mtoto elimu inayomfaa, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Afrika Kusini nako sheria ya shule ya 1996 yampa mzazi nafasi ya kuomba kumsajili mtoto asomee nyumbani. Lakini Ujerumani hairuhusu, na wazazi wa huko walipokwenda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka wa 2006 walishindwa.

Na hata huko kunakoruhusiwa, shemeji yako hakukusimulia yote. Minnesota yenyewe ina masharti. Mtoto wa miaka 7 hadi 17 lazima awe anafunzwa. Mzazi anayemfunza nyumbani huipa ofisi ya elimu ya eneo lake taarifa kufikia Oktoba 1, yako masomo anayopaswa kuyafunza, na kila mwaka mtoto hupimwa kwa mtihani. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wana mlango na masharti ya kuupitia. Kwetu mlango huo haujawekwa.

Cheti kitatoka wapi?

Tuache korti kando. Fikiria kesho ya mtoto. Katika mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka wa 2019, mtihani hauji siku moja tu. Mtoto akiwa gredi ya 4 na ya 5 hufanya kazi za kupimwa shuleni, na alama hizo hupelekwa kwa Baraza la Mitihani, KNEC. Hizo ni asilimia 60 ya alama zake za gredi ya 6. Asilimia 40 iliyobaki ndiyo ya mtihani wa KPSEA wenyewe. Na katika mtihani wa gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, alama za gredi ya 6 huchangia asilimia 20, kazi za gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani asilimia 60.

Sasa mtoto aliyekaa sebuleni kwako miaka miwili, hata awe hodari kama nini, alama hizo atazipata wapi? Hutaweza kurudi nyuma ukazitafute. Enzi za KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mtoto aliweza kutegemea bidii ya mwaka wa mwisho. Siku hizi kila mwaka anaoukosa huacha pengo.

Wako wanaotumia mitaala ya kigeni. Mitihani ya Uingereza ya IGCSE, kwa mfano, yaweza kufanywa na mtahiniwa wa kibinafsi kupitia British Council. Lakini ada zake si za mkulima wa majani chai. Isitoshe, cheti cha kigeni sharti kilinganishwe na cha Kenya mtoto anapotaka kujiunga na chuo cha umma. Tena kumbuka kwamba kufanya mtihani wa kigeni hakukuondolei wajibu wa Kifungu cha 30.

"Lakini mwaka wa 2020 sote tulifunza nyumbani!" Kweli. Shule zilipofungwa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, meza za jikoni ziligeuka madawati. Lakini hiyo ilikuwa amri ya serikali wakati wa msiba. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 4, 2021, ruhusa hiyo ikaisha. Na wewe mwenyewe mkumbuke mwaka ule. Aliyekuwa na umeme, simu nzuri na mzazi aliyesoma alifunzika. Mtoto wa jirani alikwenda kuchuma majani chai, na kuna wasichana waliopata mimba wasirudi tena darasani. Hofu ya sheria iko hapo. Haikulengwa kwa mzazi mwema mwenye kabati la vitabu. Imelengwa kwa yule atakayesema, "Namfunza nyumbani," kumbe mtoto ni yaya, mchungaji au mke wa mtu.

Njia zilizo wazi

Je, basi mtoto anayelia chumbani aachwe aendelee kulia? La hasha. Kwanza jiulize analia nini. Mara nyingi mzazi anapotaka kumtoa mtoto shuleni, shida si shule zote bali ni shule ile moja.

Ikiwa anapigwa na mwalimu, jua kwamba Kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo chakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kupigwa au kudhulumiwa kiakili. Mwone mwalimu mkuu. Usiposikizwa, andika barua kwa TSC na kwa Mkurugenzi wa Elimu, ubaki na nakala. Ikiwa anaonewa na wanafunzi wenzake, yataje majina na siku. Malalamiko yaliyoandikwa hayapotei upesi kama yale ya mdomo.

Ikiwa shule ni mbaya, mhamishe. Sheria yakataza shule ya umma kumtoza mtoto ada ya kuandikishwa. Ikiwa ni bweni linalomchosha, mtafutie shule ya kutwa. Milima yetu ina shule nyingi, na mtoto anayerudi nyumbani jioni waweza kumfunza mengi kabla ya kulala. Hilo sheria haikukatazi kamwe. Kinyume chake, yatambua kwamba mzazi ana haki ya kushiriki katika kumjenga mtoto kitabia.

Ikiwa ni mambo ya imani, nayo yana njia. Waadventista ni wengi katika kaunti zetu hizi mbili, na kwa miaka mingi wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanalazimishwa kusoma Jumamosi, siku yao ya ibada. Hawakuwaondoa watoto shuleni. Kanisa lilikwenda mahakamani, likashindwa katika Mahakama Kuu, likakata rufaa, na mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki. Watoto walibaki darasani na Sabato yao ikalindwa.

Na ikiwa kweli wewe na wazazi wenzako mwaamini mna njia bora ya kufunza, sajilini shule. Ombi hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtaonyesha mahali penu, mkaguliwe na maofisa wa afya na wa ubora wa elimu, muwe na walimu waliosajiliwa na mtaala unaokubalika. Ni kazi, lakini ni kazi halali.

Mtoto aliyefichwa

Nimebakiza jambo moja, na hili lanikera kuliko yote. Kuna watoto walio nyumbani si kwa sababu mzazi amechagua kuwafunza, bali kwa sababu wanaonewa haya. Hutembei boma nyingi vijijini kabla ya kumkuta mtoto asiyetembea, au asiyesikia, ameketi nyuma ya jiko. Wageni wakija hufungiwa ndani. Ukimuuliza mama, akujibu kwa sauti ya chini, "Huyu hawezi shule."

Nani alimpima? Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vijulikanavyo kama EARC. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kilicho karibu nawe. Huko mtoto hupimwa, na mzazi huelezwa kama anafaa kuingia shule ya kawaida, kitengo maalum au shule ya bweni. Na kwa mtoto ambaye kweli hawezi kutoka kitandani, sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu imetaja mafunzo ya nyumbani. Huyu ndiye mtoto ambaye serikali yenyewe imekubali afuatwe na elimu hadi nyumbani, lakini baada ya kupimwa na chini ya mpango unaojulikana. Ajabu ni kwamba ndiye asiyeombewa na mtu.

Basi, mzazi mwenzangu, turudi kwenye Jumapili yetu. Gonga mlango wa chumba cha mtoto. Keti naye kitandani, uzime hiyo simu ya Minnesota, umuulize polepole ni nini kinachomtisha. Kesho asubuhi usimwache nyumbani peke yake, wala usimsukume langoni ukaondoka. Fuatana naye mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, mkae watatu, mseme. Msiposikizana, mlango wa pili ni wa ofisi ya elimu, na wa tatu ni wa shule nyingine.

Na jioni akirudi, mfunze. Mfunze hesabu kwa bei za Daraja Mbili, mfunze Ekegusii ambacho shuleni hakipewi nafasi kubwa, mfunze ukoo wake kama magokoro alivyokufunza. Waliosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hawakumtaka mama afunge mlango. Walimtaka atangulie tu kabla ya ulimwengu.